Balozi wa Waliopona

Nchi ninayotaka kuwasimulia habari zake ina jina, ila kwa sasa halitumiki. Lilipelekwa matengenezo pamoja na paa la Bunge, na mafundi wametuomba tuvute subira. Sisi wananchi tunaiita tu "nchi yetu", tumeshazoea, na hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo.

Mimi ni mstaafu wa posta na nina presha. Nayataja haya ili mjue habari nimezipata wapi. Mwenye presha hukaa sana kwenye benchi la kituo cha afya, na aliyefanya kazi posta hawezi kuacha kusikiliza. Kituo chetu ni cha Mtaa wa Magunia, kina dirisha moja la dawa, benchi moja refu, na muuguzi mmoja anayeitwa Sista Leokadia.

Kwa muda mrefu nchi yetu haikuwa na watu wanaotumia unga. Walikuwapo vijana nyuma ya soko waliolala wamesimama, magoti yamekunjika, vichwa vimeinama karibu na vidole vya miguu bila kuanguka, lakini Serikali ilishatueleza kwamba hao walikuwa wanatafakari. Kisha wakaja wageni kutoka nje, wakasema wangependa kuzisaidia nchi zenye tatizo hilo. Serikali ikakaa kikao. Jioni yake Waziri akatangaza redioni kwamba tatizo tunalo, ni kubwa, na kwamba tumewapita majirani zetu wote. Pale Magunia tulishangilia kidogo, maana ni nadra nchi yetu kuongoza.

Ndipo tukaletewa Tiba Jumuishi kwa Ubia wa Jamii. Kama nilivyoelewa mimi, maana yake ni kwamba mtu wa unga hatatibiwa tena kwa kufichwa nyuma ya ukuta. Atatibiwa palepale anapotibiwa mwenye presha, mwenye mimba na mwenye jino bovu, na jamii nzima itakuwa mdau. Mdau ni mtu anayehusika na jambo na ambaye tayari amepewa kofia.

Kofia zilichelewa. Dawa, kwa bahati mbaya, ikafika mapema.

*

Mbaraka Sululu alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mkabala na bucha, na zamani watu walipanga foleni kwake Ijumaa asubuhi. Alianza kuvuta unga baada ya mke wake kuondoka, au mke wake aliondoka baada ya yeye kuanza kuvuta, inategemea unamuuliza nani. Mikono ikaanza kutetemeka. Mteja mmoja akatoka kibandani ameshika sikio, na toka siku hiyo hakuna aliyempa tena kichwa chake.

Alihamia kwa dada yake, Mwanaidi, mjane anayeuza mkaa. Mwanaidi si mtu wa maneno mengi. Mbaraka aliuza redio ya dada yake, akauza mapazia, akauza hata sufuria iliyokuwa jikoni, akaumwaga uji chini kwanza. Mwanaidi akaokota uji uliookoteka, akapika mwingine kwenye kopo, akampa.

Dawa ilipofika Magunia, Mwanaidi alimshika mkono mdogo wake akamleta kituoni. Nilikuwepo. Walikaa kando yangu.

"Anaumwa nini?" Sista Leokadia aliuliza.

"Unga," Mwanaidi alijibu.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuwa na meno yote."

Sista hakucheka. Alimwambia Mbaraka kwamba dawa ni ya maji, inanywewa palepale dirishani, mbele yake, kila asubuhi bila kuruka hata siku moja. Ukiruka, arosto inakurudia. Arosto ndilo jina wanaloliita wenyewe: mifupa inauma, tumbo linafunguka, pua inachuruzika, na mwili mzima unaomba jambo moja tu. Mbaraka alisema arosto anaijua, hana haja ya kuelezwa. Akanywa.

Jambo la ajabu ni kwamba mpango ule ulifanya kazi. Mama anayeuza uji getini akawa anawapa watu wa dirisha la asubuhi bakuli la kwanza, kwa sababu dawa kwenye tumbo tupu inawachafua roho. Madereva wa bodaboda wakawa wanawabeba waliozidiwa. Akina mama wajawazito, ambao mwanzoni walikumbatia mikoba yao, wakaanza kuwaachia wawashikie. Hakuna aliyeitisha kikao. Ilitokea tu, kama uchafu unavyotokea, wala hatukujua kwamba tunafanya ubia.

Baada ya miezi kadhaa Mbaraka alinenepa mashavu. Akafagia kibanda chake. Mtu wa kwanza kumpa shingo alikuwa muuza nyama, aliyesema yeye visu anavijua na hawezi kuviogopa. Alitoka amenyolewa vizuri. Ijumaa iliyofuata nilikwenda mimi. Wembe ulipita kooni kwangu polepole kama kidole cha mtu anayekupenda, na nilipofumbua macho nilimwona Mwanaidi amesimama mlangoni, ana mkaa hadi kwenye nyusi, anaangalia mikono ya mdogo wake. Kisha akaenda zake.

*

Kisha akafika Bwana Gaudensi Mpinga, Mratibu Mkuu wa Tiba Jumuishi. Alikuja kukagua kituo kama kiko tayari kuanza, akakuta kimeshaanza.

"Nani amezindua?" alimuuliza Sista.

"Kuzindua nini, mheshimiwa?"

"Hii tiba."

"Hakuna aliyezindua. Dawa ilikuja, watu wakaja, tukaanza tu."

"Mkaanza tu." Alilirudia lile neno kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeuzwa. "Na watu wanapona?"

"Wengine."

"Wanapona kabla ya uzinduzi?"

Sista alimgeukia mgonjwa aliyekuwa dirishani. Bwana Gaudensi alitoka nje akapiga simu kwa muda mrefu, na aliporudi alikuwa ametulia. Wakubwa walikuwa wameelekeza kwamba wote waliokwishapona wahesabiwe kuwa wamepona kwa majaribio, na kwamba Waziri atakuja mwenyewe kuzindua ili waanze kupona rasmi.

Alihitajika mgonjwa wa kutoa ushuhuda. Sista alimtaja Mbaraka kwa sababu anajua kuongea. Vinyozi wote wanajua kuongea. Bwana Gaudensi alimzunguka akimtazama.

"Tatizo lako, ndugu yangu, unapendeza mno. Waziri atajiuliza tumetibu nini."

Basi wakamnunulia shati jipya, na maofisa wawili wakalichana kwa uangalifu, mmoja ameshika kola na mwingine mkono. Mbaraka akalivaa. Mwanaidi alipoliona aliomba sindano na uzi. Wakamkataza.

*

Siku ya uzinduzi tulifika mapema. Kiwanda cha pombe kali kilikuwa kimeleta viti na miavuli, kikiwa mdau mkuu. Jeshi la polisi lilikuja, nalo likiwa mdau, likasaidia kupanga foleni, na likaondoka na wagonjwa wawili waliokiri kwa midomo yao kwamba ni wagonjwa. Kwaya ilikuja. Timu ya mpira ilikuja. Kofia zilikuja.

Utepe ulifungwa kwenye dirisha la dawa, kutoka nondo ya kushoto hadi nondo ya kulia, ukapitishwa mara kadhaa ili uonekane kwenye kamera.

"Mheshimiwa," Sista Leokadia alimwambia Mratibu, "utepe umeziba dirisha."

"Ndiyo. Ndilo linalozinduliwa."

"Wagonjwa hawajanywa dawa ya asubuhi."

"Watakunywa dawa iliyozinduliwa. Itakuwa bora zaidi."

Waziri alitarajiwa asubuhi, akafika alasiri. Hadi wakati huo watu wa dirisha la asubuhi walikuwa wamekaa mstari mmoja, wanatokwa jasho, wanapiga miayo, machozi na kamasi vinawachuruzika. Mashine ya kupimia presha ilikuwa kwenye meza ya maonyesho, kwa hiyo sijui yangu ilifika wapi. Waziri alipita mbele ya mstari ule akayaangalia machozi yao, akaguswa sana.

"Wamefurahi," alimwambia msaidizi wake.

Hotuba yake ilikuwa nzuri. Alisema itifaki imezingatiwa. Alisema zamani mraibu alikuwa anakwenda kuitafuta tiba, lakini sasa tiba inakwenda kumtafuta mraibu, na awamu ya pili ikikamilika watakutana katikati. Meneja wa kiwanda cha pombe naye alisimama, akasema kiwanda chake kinaungana na Serikali kupiga vita vilevi vyote visivyolipiwa kodi. Tukapiga makofi. Mwenye kofia huwa anapiga makofi zaidi, nimegundua.

Halafu wakamwita Mbaraka. Alipanda jukwaani na shati lake.

"Mimi ni kinyozi," alisema. "Nimevuta unga miaka mingi. Nilimwibia dada yangu hadi sufuria. Sasa nakunywa dawa kila asubuhi hapo dirishani, na mikono yangu imetulia."

Akainyoosha mikono ili watu waione. Ilikuwa inatetemeka, maana hakuwa amekunywa. Watu wakadhani ni hisia. Akina mama wa kwaya wakaanza kulia, Waziri akasimama, akamkumbatia, akashika kipaza sauti na kutangaza palepale kwamba kuanzia sasa ndugu huyu ni Balozi wa Waliopona, naye atafuatana na msafara kuzindua Tiba Jumuishi katika wilaya zote za nchi yetu.

Utepe ulipokatwa, Sista alikimbilia dirishani na vikombe. Mwanaidi alimfuata Bwana Gaudensi kwenye gari.

"Mheshimiwa, samahani. Huyu mtu ananywa dawa kila siku. Huko mnakompeleka atainywa wapi?"

"Mama, kila wilaya ina kituo kama hiki. Ndiyo maana ya jumuishi."

"Na dawa ipo?"

Bwana Gaudensi alimwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Mama, usihangaike na dawa. Yeye sasa ndiye dawa."

*

Yaliyotokea safarini alinisimulia Mbaraka mwenyewe baadaye, kidogokidogo, bila kupandisha wala kushusha sauti.

Aliondoka asubuhi akiwa amekunywa. Kesho yake walikuwa Chungwani, wilaya yenye kituo kizuri, kimepakwa rangi hadi vioo. Mbaraka alikwenda dirishani kabla hata ya chai. Muuguzi wa pale alimshangaa.

"Dawa? Si nyinyi ndio mnaleta?"

Mbaraka akamgeukia Mratibu, na Mratibu akaeleza kwa uvumilivu. Dawa hupelekwa kwenye kituo kilichozinduliwa. Kituo hiki kinazinduliwa leo. Kwa hiyo dawa itafuata.

"Na mimi?"

"Wewe unatangulia."

Alitoa ushuhuda, wakakata utepe, msafara ukaondoka. Kule Ziwa Kavu mambo yalikuwa vilevile, ila huko kulikuwa na maboksi. Mbaraka aliyaona yamepangwa mpaka darini. Akaomba lifunguliwe moja. Ndani mlikuwa na fulana zilizoandikwa NIMEPONA, JE WEWE? Wakampa mbili.

Arosto ilimkuta jukwaani. Alikuwa amefika kwenye habari za sufuria, akainama, akatapika mbele ya Mkuu wa Wilaya. Uwanja mzima ukasimama ukapiga makofi. Mkuu wa Wilaya alijifuta macho kwa kofia, akasema kwa miaka yote aliyoangalia maigizo hajaona mtu mwenye kipaji kama yule. Bwana Gaudensi, garini, alimuuliza kama anaweza kutapika palepale kwenye kila wilaya, baada ya sufuria, kwa sababu panaamsha sana watu.

Mbaraka akaomba simu.

Mwanaidi alipoipokea nilikuwa kwake, nimekwenda kununua mkaa. Aliiweka sauti kubwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa michafu.

"Dada."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Njoo unichukue."

"Dawa umekunywa?"

"Hakuna dawa, dada. Sisi ndio tunazindua."

Mwanaidi alimaliza kunijazia mfuko, akaufunga, akanawa, akaenda moja kwa moja kituoni kumwomba Sista Leokadia amfungie dozi ampelekee. Sista alishika nondo za dirisha.

"Siwezi, Mwanaidi. Ikitoka humu inauzwa, na asiyeizoea akiinywa anakufa. Nimeshamfunika mmoja kwa shuka, sitaki wa pili. Na mimi nikiondoka, hawa hapa nawaacha na nani?"

"Nifanyeje?"

"Mlete. Hata kwa kutambaa, akifika hapa nitampa."

*

Mwanaidi aliwakuta Bomani Kale. Uzinduzi wa huko ulifanyika kwenye uwanja wa mpira, kwa kuwa kituo chenyewe kilikuwa hakijajengwa. Walizindua mahali kitakapokuwa. Langoni Mwanaidi alizuiwa na kijana wa itifaki.

"Mama, wewe ni mdau?"

"Mimi ni dada yake Balozi."

"Dada si mdau. Kofia yako iko wapi?"

Pembeni palikuwa na wasichana wa kiwanda cha pombe kali wanagawa kofia zenye picha ya chupa. Mwanaidi, ambaye hajawahi kuonja hata togwa lililolala likachacha, aliomba moja, akaivaa juu ya mtandio wake. Kijana akampigia saluti.

Mbaraka alikuwa nyuma ya jukwaa, kwenye kiti cha plastiki. Hakuwa anatetemeka. Hakuwa anatokwa jasho. Alikuwa ametulia, anajikuna pua taratibu, na mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mwanaidi alikuwa ameiona hali ile nyumbani kwake kwa miaka. Akamgeukia Bwana Gaudensi aliyekuwa anasoma hotuba.

"Nani amempa?"

"Mama, tafadhali tusitumie lugha ya kulaumu."

"Nani amempa unga?"

"Palijitokeza changamoto," alisema Mratibu. "Balozi alishindwa kusimama. Tukaitisha kikao cha dharura cha wadau wa wilaya, na wadau, nawashukuru sana, wakajitokeza. Jeshi la polisi lina ghala la vielelezo."

"Mmempa unga wa polisi."

"Tumetumia rasilimali zilizopo ndani ya jamii."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Mwanaidi aliniambia kwamba angetamani angeuona ubaya usoni mwake apate pa kushika, lakini hapakuwa na kitu. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi anayetaka ratiba iende. Hata maji ya kunywa alimpa.

Mwanaidi alichuchumaa mbele ya kiti.

"Mbaraka. Simama twende."

"Usinigombeze, dada. Nimechoka."

"Sikugombezi. Simama."

"Nikishaongea watatuacha. Ngoja niongee."

Jina lake likaitwa. Akanyanyuka, akapanda ngazi bila kushikwa. Mwanaidi alibaki nyuma ya pazia na kofia yake ya chupa, akasikiliza. Anasema mdogo wake hajawahi kuongea vizuri kama siku ile. Hakusitasita mahali. Alisimulia kibanda, akasimulia sufuria, akasimulia dirisha la asubuhi, na mwisho akanyoosha mikono mbele ya uwanja mzima na mikono ikakaa kimya kama ya sanamu.

"Nimepona," alisema.

Watu walilia. Kwaya ikapokea. Kisha ukatangazwa wakati wa chakula, na hapo hakuna aliyemzuia mtu yeyote kwenda popote. Mwanaidi alimshika mdogo wake mkono, wakapita katikati ya waheshimiwa wenye sahani, wakatoka.

*

Walifika Magunia asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Tulisogea tukawapa nafasi kwenye benchi. Mbaraka alikuwa ameanza tena kutokwa jasho. Sista Leokadia alimwona kupitia nondo, akachukua kikombe, na simu yake ikalia. Alikuwa Bwana Gaudensi, sauti yake ikisikika hadi tulipokaa, kwa kuwa anaongea na simu kama anavyoongea na umati.

"Sista, nasikia Balozi amefika hapo. Usimpe dawa."

"Ameanza kuumwa, mheshimiwa."

"Balozi haumwi. Nchi nzima imemwona amepona. Wageni wametumiwa picha. Ukimtibu utakuwa unaitangazia dunia kwamba Serikali imesema uongo."

"Na nisipomtibu?"

"Hilo halitangazwi," alisema Bwana Gaudensi.

Sista aliagana naye kwa heshima. Akakaa akiangalia kikombe. Mama mmoja mjamzito alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba lakini wagonjwa wapya si bado wanapokelewa? Sista alisema ndiyo, wapya wanapokelewa. Muuza uji, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema basi. Kila mtu akaangalia upande wake.

"Anayefuata," Sista aliita.

Mwanaidi akamwinua mdogo wake.

"Wewe ni mgonjwa mpya?" Sista alimuuliza.

"Ndiyo," Mbaraka alisema.

"Unaitwa nani?"

Mbaraka alimtazama dada yake. Hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo.

"Kibwana," Mwanaidi alijibu. Lilikuwa jina la marehemu baba yao. "Anaitwa Kibwana."

Mgonjwa mpya huanzia dozi ndogo, hata kama mwili wake unataka kubwa. Hiyo ni kanuni, na Sista alisema si ya Wizara, ni ya maini na mapafu. Kwa hiyo wiki za mwanzo Kibwana aliteseka. Alilala kwenye mkeka nyuma ya magunia ya mkaa, Mwanaidi akimbadilishia shuka, na asubuhi dereva wa bodaboda alimleta dirishani akiwa amemfunga kiunoni kwa kanga ili asidondoke. Mara mbili alitoroka kwenda nyuma ya soko. Mara zote mbili Mwanaidi alimfuata, akakaa kando yake mpaka akaweza kutembea. Kibanda cha kinyozi kimepangishwa kwa mtu anayetengeneza simu. Mimi siku hizi najinyoa mwenyewe, vibaya.

Wizara haikumtafuta Balozi. Ilikuwa na sauti yake kwenye kanda na sura yake kwenye picha, na kwa uzinduzi uliobaki vilitosha. Bwana Gaudensi amepandishwa cheo. Wilaya zote zimezinduliwa, na nasikia kwingine dawa imeanza kufika, japo sijui kama imewakuta waliokuwa wanaisubiri.

Kituo chetu nacho hakikusahauliwa. Mradi ulituletea mlinzi, kijana mwenye sare na rungu, mtu wa mkoa mwingine asiyemjua yeyote pale. Pia ulituletea mchoraji aliyekaa juu ya ngazi akachora ukuta wote wa upande wa foleni. Amechora uso wa Mbaraka, mkubwa kuliko mlango, mashavu yamejaa, ndevu zimechongwa, mikono miwili imenyooshwa mbele. Chini pameandikwa BALOZI WA WALIOPONA.

Juzi nilikuwa nimekaa mahali pangu nasubiri kupimwa. Kibwana alikuwa wa tatu kutoka dirishani, ameegemea ukuta, amekonda, mabega yamemwanguka, kichwa kimeangukia kifuani. Mlinzi alimsogelea akamgusa bega kwa ncha ya rungu, wala hakumgusa kwa nguvu.

"Kibwana, simama vizuri bwana. Kila siku wewe tu." Akanyoosha rungu kuelekea ukutani. "Unamwona mwenzako yule? Alikuwa teja kama wewe, tena wanasema alikuwa mbaya zaidi. Akaamua tu. Muige yule."

Mwanaidi, aliyekuwa amebeba chupa ya uji, aliacha kutembea. Sista Leokadia akainua macho dirishani. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Mbaraka aligeuza shingo akautazama ule uso juu yake. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.

"Nitajitahidi, afande," alisema.

Foleni ikasogea, naye akasogea.